Tingatinga kuukuu huanza kufa miguuni

Na MWANDISHI WETU

TINGATINGA la minyororo lenye ndoo mbele ni mashine inayoonekana mara kwa mara penye ujenzi wa barabara na katika machimbo ya mawe na changarawe. Huchimba, huzoa, hugeuka papo hapo na kumwaga mzigo katika lori, kisha huanza tena. Likiharibika, malori yaliyopanga foleni husimama, vibarua hukaa kitako na mwanakandarasi huanza kuhesabu hasara kwa saa.

Kwa kuwa tingatinga jipya la aina hiyo hugharimu mamilioni ya shilingi, wanakandarasi wadogo na wenye machimbo aghalabu hununua lililotumika. Si ajabu kukuta mashine iliyoundwa katika miaka ya 1970 ingali kazini. Hapo ndipo linapozuka swali linalowakosesha wanunuzi usingizi: je, mashine ya umri huo ni mali, au ni shimo la kufukia fedha?

Jibu halimo katika umri wake. Wala halimo katika rangi mpya ya manjano au sauti tamu ya injini iliyopashwa moto kabla ya mteja kufika. Limo chini, penye matope na grisi, kwa maana tingatinga la minyororo huanza kufa miguuni.

Asili ya mashine hii

Wazo la kuendesha mashine nzito juu ya mnyororo lina umri wa zaidi ya karne moja. Mnamo Novemba 1904, Benjamin Holt alilifanyia majaribio trekta la mvuke huko Stockton, jimbo la California nchini Marekani, baada ya kuling'oa magurudumu ya nyuma na kulifunga minyororo yenye vipande vya mbao. Udongo wa mashamba ya huko ulikuwa laini mno, na matrekta mazito ya magurudumu yalikuwa yakididimia.

Kampuni ya Holt iliungana na ile ya C. L. Best mwaka wa 1925, na muungano huo ndio uliozaa Caterpillar. Mwaka wa 1951 Caterpillar iliinunua Trackson, kampuni ya mjini Milwaukee iliyokuwa ikiunda vifaa vya kuchimba na kupakia vya kufungwa kwenye matrekta yake. Miaka minne baadaye, yaani 1955, yalitoka matingatinga ya kupakia yaliyopewa nambari 933, 955 na 977.

Aina hizo mbili za mwisho ziliendelea kuboreshwa hadi zikafikia herufi L katika miaka ya 1970. 955L ina injini ya silinda nne yenye nguvu za farasi 130, ilhali 977L ina silinda sita na nguvu za farasi 190. Injini iko mbele. Ili kupinda, dereva hukata nguvu za mnyororo wa upande mmoja kwa klachi, kisha akaufunga kwa breki.

Mnamo 1981 kampuni hiyo ilileta 973, tingatinga lenye injini nyuma na ambalo mwendo wake hutokana na nguvu za oili inayosukumwa na pampu. Makala haya yanahusu hasa kizazi kilichotangulia, ijapokuwa mengi yatakayoelezwa yanazifaa pia mashine za baadaye na za kampuni nyingine.

Miguu ya chuma

Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, walisema wahenga. Nyenzo za tingatinga ni nyingi na kila moja inaitegemea mwenzake.

Kila mnyororo umeundwa kwa vipingili vya chuma vilivyounganishwa kwa pini. Kila pini imevikwa bushi, yaani mrija mgumu wa chuma. Juu ya vipingili hivyo hufungwa, kwa bolti, mabamba mapana yenye kingo zinazouma ardhi.

Nyuma kuna gurudumu lenye meno, ambalo mafundi huliita sproketi. Hilo huzikamata bushi moja baada ya nyingine na kuuvuta mnyororo. Mbele kuna gurudumu lisilo na meno ambalo kazi yake ni kuuongoza. Baina ya magurudumu hayo, upande wa chini, kuna rola zinazobeba uzito wote wa mashine, ambao kwa 955L hupita tani 15. Upande wa juu kuna rola nyingine chache zinazouzuia mnyororo usining'inie.

Watengenezaji hukadiria kuwa sehemu hii ya chini inaweza kula karibu nusu ya gharama yote ya kuitunza mashine ya minyororo. Ndiyo maana mnunuzi anayeanza kwa kusikiliza injini huwa ameanza pasipo pake.

Namna sehemu hizo zinavyochakaa si vigumu kuielewa. Mnyororo unapopinda kwenye sproketi, pini huzunguka kidogo ndani ya bushi yake. Mchanga ukipenya humo, hufanya kazi ya msasa. Pini na bushi hupungua unene, na umbali kati ya kipingili na kingine huongezeka. Mafundi husema mnyororo umerefuka, ingawa hakuna chuma kilichovutwa kikanyooka.

Mnyororo uliorefuka haulingani tena na meno ya sproketi. Meno nayo huanza kuliwa upande mmoja hadi yakachongoka kama ncha ya mkuki. Anayefunga mnyororo mpya juu ya sproketi iliyochongoka ameutia mnyororo huo hatarini tangu siku ya kwanza, kwani viwili hivyo huchakaa pamoja na hufaa kushughulikiwa pamoja.

Kupima, si kukisia

Macho peke yake hayatoshi. Vifaa vya kupimia havihitaji mtaji mkubwa: utepe, rula ndefu iliyonyooka, kalipa na kitabu cha mashine husika.

Ili kujua kiasi ambacho mnyororo umerefuka, kwanza huvutwa ukakaza. Kisha hupimwa umbali kutoka pini moja hadi nyingine kupitia vipingili vinne, na kipimo kikalinganishwa na kile cha mnyororo mpya kilichomo kitabuni. Kalipa nayo hutumiwa kupima unene wa bushi kwa nje. Kadhalika, kimo cha vipingili na cha kingo za mabamba hupimwa. Hatimaye fundi huweza kusema kwa asilimia ni kiasi gani kimeliwa na kiasi gani kimesalia.

Kipimo cha bushi kina faida kubwa ambayo wenye mashine wengi huipoteza kwa kuchelewa. Sproketi huisugua bushi upande mmoja tu. Kwa hivyo, kabla ukuta wake haujawa mwembamba kupita kiasi, mnyororo unaweza kuvuliwa ukapelekwa penye mashine ya kushinikiza yenye nguvu za makumi ya tani, pini na bushi zikasukumwa nje, kisha zikageuzwa nusu mzunguko na kurejeshwa. Upande uliokuwa haujaguswa huanza kazi, na mnyororo hupata maisha ya pili.

Bushi ikiachwa hadi ipasuke, nafasi hiyo haipo tena. Mwenye mashine hulazimika kununua mnyororo mzima, na mara nyingi sproketi pia.

Rola nazo zina dalili zao. Oili inayovuja pembeni huonyesha kuwa sili imekatika, na rola iliyokauka hatimaye hukwama isizunguke. Mnyororo ukipita juu ya rola iliyokwama, huikwangua upande mmoja hadi ikawa bapa. Rola moja yenye thamani ndogo huweza hivyo kuharibu vipingili vya mnyororo mzima.

Kukaza na kulegeza

Wapo wanaodhani kuwa mnyororo uliokazwa sana ndio salama. Kinyume chake ndicho kweli. Mnyororo uliokaza mno huongeza msuguano kati ya bushi na sproketi, hula nguvu za injini na dizeli, na huchakaza kila kinachouzunguka. Uliolegea mno nao hupigapiga, na huweza kuchomoka mashine inapopinda.

Kipimo chake ni rahisi. Mashine husogezwa mbele kidogo na kuachwa isimame yenyewe bila breki. Rula ndefu hulazwa juu ya mnyororo kati ya rola ya juu na gurudumu la mbele, kisha hupimwa ni kiasi gani mnyororo umebonyea chini ya rula. Kwa mashine nyingi za ukubwa huu, kina hicho huwa kati ya sentimita 2.5 na 5, lakini neno la mwisho ni la kitabu cha mashine yenyewe.

Jambo linalosahaulika ni kwamba kipimo hicho hufanywa mashine ikiwa katika hali ya kazi. Mnyororo uliokazwa sawasawa ukiwa safi hukaza kupita kiasi tope likijaa kwenye meno ya sproketi. Kikulacho ki nguoni mwako. Tope hilo hilo ndilo humla mwenye mashine kila mzunguko.

Kukaza hufanywa kwa kupiga grisi ndani ya silinda inayolisukuma gurudumu la mbele. Kulegeza hufanywa kwa kufungua vali kidogo ili grisi itoke, na hapa pana hatari ya kweli. Grisi hiyo imo katika shinikizo kubwa linaloweza kuifanya ipenye ngozi. Vali hufunguliwa polepole, mzunguko mmoja tu, fundi akiwa kando. Haifai kuinamisha uso kutazama kama grisi inatoka.

Nyuma ya silinda hiyo kuna springi nene iliyobanwa kwa nguvu za tani kadhaa. Kuifungua au kuikata kwa gesi bila kifaa maalumu cha kuibana kumewahi kugeuka kifo. Kazi hiyo si ya kujaribiwa uwanjani kwa mnyororo na jeki.

Kuchomelea kwa akili

Mafundi wa jua kali wameziokoa mashine nyingi kwa kuongezea chuma kwenye magurudumu ya mbele, rola na meno ya ndoo. Ni ustadi wa kuheshimiwa, lakini una masharti yake.

Chuma cha sehemu hizi kimepitishwa motoni ili kiwe kigumu. Kikichomelewa kikiwa baridi, au kwa vijiti vilivyonyonya unyevu, huingia nyufa zisizoonekana na hukatika kazini. Hupashwa moto kwanza, vijiti hutolewa vikiwa vikavu, na baada ya kuchomelewa huachwa kipoe taratibu. Kukimwagia maji ili kipoe haraka ni kukiharibu.

Aidha, betri hutenganishwa kwanza, na waya wa kurejesha umeme hufungwa karibu kabisa na mahali panapochomelewa. Ukifungwa mbali, umeme hupitia kwenye beringi na pini zilizoko njiani, na huziunguza bila mtu kutambua.

Injini: maji, dizeli na vumbi

Injini za mashine hizi ni imara, na ikiwa zinapata oili safi na hewa safi hudumu miaka mingi. Maadui wake wakubwa ni watatu.

Wa kwanza ni maji. Maji ya kisima au ya mto huwa na chumvi ambazo huganda ndani ya njia za kupoza, na joto likashindwa kutoka. Maji safi yaliyotiwa dawa ya kuzuia kutu ndiyo yanayofaa. Wapo pia mafundi ambao injini ikichemka huing'oa themostati na kudhani wametibu ugonjwa. Kilichoziba mara nyingi ni rejeta yenyewe, iliyojaa vumbi na nyasi, au mkanda wa feni uliolegea. Injini isiyo na themostati hukosa kufikia joto lake, na oili yake huchafuka mapema.

Wa pili ni dizeli chafu. Maji hutuama chini ya tangi, kwa hiyo hufunguliwa na kumwagwa kila asubuhi kabla ya kuwasha. Tangi hujazwa jioni ili usiku hewa yenye unyevu isipate nafasi humo. Kuhusu dizeli iliyochanganywa na mafuta taa, serikali ya Kenya ilianzisha mwaka wa 2018 tozo ya Sh18 kwa lita ya mafuta taa ili kukomesha uchanganyaji huo. Mafuta taa hayana ulainisho wa dizeli, na pampu ya injini hulainishwa na mafuta yale yale inayoyasukuma. Senti zinazookolewa kwa dizeli ya magendo hulipwa kwa pampu nzima.

Wa tatu ni vumbi. Bomba la hewa lililopasuka baada ya chujio huingiza vumbi moja kwa moja kwenye silinda, na ringi huliwa kwa muda mfupi. Mnunuzi anaweza kupima hali ya ringi kwa kufungua kifuniko cha oili injini ikinguruma. Moshi ukitoka humo kwa mfululizo na kwa nguvu, ringi na silinda zimechoka.

Rangi ya moshi wa bombani nayo ina lugha yake. Mweusi ni dalili ya hewa haba au dizeli kupita kiasi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto huweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda, au dizeli isiyoungua vizuri.

Mashine iliyokaa miezi bila kazi huwa na ugonjwa mwingine: klachi za kupindia hushikana kwa kutu. Kabla ya kununua, lazima iendeshwe na kupindwa pande zote mbili. Oili kidogo ya gia za mwisho itolewe pia. Ikiwa kama maziwa, maji yameingia. Ikimetameta, ni chuma cha gia kinachosagika.

Mikono na ndoo

Mikono inayoinua ndoo hushikiliwa na pini ambazo zahitaji grisi kila siku ya kazi. Grisi ina kazi mbili: hulainisha, na husukuma nje mchanga ulioingia. Hupigwa hadi grisi chafu itoke pembeni na kufuatwa na safi. Pini ikinyimwa grisi, tundu lake huwa umbo la yai, na ndoo huyumba. Kulirekebisha tundu hilo huhitaji kulijaza chuma, kulikereza upya na kutia bushi mpya.

Haidroliki haipendi uchafu. Ndoo inayoinuka vyema asubuhi na kulegea mchana oili ikipata moto huonyesha pampu au silinda zilizochakaa. Mipira yenye nyufa hubadilishwa kabla haijapasuka. Uvujaji hautafutwi kwa kidole bali kwa kipande cha kadibodi, kwa sababu mchirizi mwembamba usioonekana huweza kupenya ngozi. Aliyepigwa nao hata akiona tundu dogo kama la sindano apelekwe hospitalini mara moja, kwani huenda akahitaji upasuaji wa dharura ili asipoteze mkono.

Fauka ya hayo, mtu asiingie kamwe chini ya ndoo iliyoinuliwa na kushikiliwa na oili pekee. Mpira mmoja ukikatika, ndoo hushuka kabla mtu hajageuka. Ama ndoo iteremshwe chini, ama mikono ifungwe kwa nguzo yake ya chuma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa mitambo anayowapa wafanyakazi wake. Umri wa mashine si udhuru.

Dereva na daftari

Fundi hutengeneza, lakini dereva ndiye huamua mashine itachakaa kwa kasi gani. Kurudi nyuma kwa kasi huzila bushi na sproketi zaidi ya kwenda mbele. Kupinda upande mmoja kutwa nzima huchakaza mnyororo mmoja kuliko mwingine. Kusukuma lundo hadi minyororo izunguke bila mashine kusogea hula mabamba na dizeli pamoja. Anayepanga malori vizuri hupunguza safari na mageuzo, na hilo pekee huongeza umri wa miguu.

Jioni, kabla tope halijakauka, minyororo husafishwa kwa sepetu. Ni kazi ya nusu saa isiyo na sifa, na ndiyo iliyo muhimu kuliko zote.

Daftari nalo ni kifaa. Mashine inayofanya kazi saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki, hufikisha saa 48. Iwapo kitabu kinataka oili ya injini ibadilishwe kila saa 250, basi ni takriban kila wiki tano, wala si pale oili inapoonekana nyeusi. Humo huandikwa saa, oili, grisi, vipuri na vipimo vya mnyororo. Baada ya mwaka, daftari litamwonyesha mwenyewe kama mashine inamlisha au yeye ndiye anayeilisha.

Wahenga walinena kuwa rahisi huvunja upishi. Tingatinga lenye injini iliyochoka lakini miguu iliyo nusu laweza kuwa na faida, kwa kuwa injini hufanyiwa kazi mara moja na kudumu miaka. Lenye injini nzuri na miguu iliyokwisha linaweza kudai fedha zinazokaribia bei yake lenyewe. Likiwa na yote mawili mabovu, mashine hiyo ni ya kununuliwa kwa bei ya vyuma vikuukuu, ili vipuri vyake vihudumie nyingine.

Anayekwenda kulitazama tingatinga kuukuu, basi, na avae nguo asizozionea uchungu, abebe utepe na kalipa, na apige magoti kando ya mnyororo kabla ya kuuliza bei.